Mshipa wa Kanyagio la Mwisho

Kilole, Korogwe
19 Februari 2024

Mzee Mwinjuma,

Shikamoo. Mimi ni Raheli, binti wa marehemu Gerald wa Kwashemshi, yule mwalimu wa kwaya aliyekuletea miguu ya gita uichomelee. Alikuwa akisema fundi wa Chanika hasikii lakini anaona. Ndiyo maana sikupigii simu, nakuandikia.

Gita lile sasa ni langu. Kama umelisahau, ni lile la kulala. Halipakatwi. Linasimama kwa miguu minne kama meza ya kupigia pasi, mpigaji anaketi nyuma yake, mkono wa kushoto anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia anachuna. Chini kuna makanyagio matatu. Ukikanyaga, fimbo nyembamba za chuma zilizojificha tumboni mwa gita zinavuta nyuzi, na sauti inapanda taratibu kama mtu anayeanza kulia. Hizo fimbo baba aliziita mishipa. Mmisionari aliyemwachia gita alikuwa na jina lake la Kizungu, akaondoka nalo.

Wiki iliyopita gita lilianguka kutoka kwenye bodaboda pale Kwamndolwa. Mbao na nyuzi zimepona ila mishipa yote imepinda, mingine imechomoka. Nimekufungia yote kwenye gazeti uione. Naomba unitengenezee mingine kabla ya Pasaka. Nimeahidi kupiga kanisani, na tangu baba afariki hakuna aliyelisikia gita lile pale.

Ukijibu, mpe kondakta wa basi la asubuhi amwachie Salome anayeuza chai stendi ya Korogwe. Ni rafiki yangu. Usitume nyumbani. Mume wangu Simeo hapendi vifurushi.

Wako,
Raheli

*

Chanika, Handeni
26 Februari 2024

Raheli binti Gerald,

Marahaba. Onga mshi, na hapo Kisambaa changu kimeishia. Baba yako namkumbuka vizuri. Ndiye Msambaa pekee aliyewahi kukaa kwenye kibanda changu bila kulalamikia joto.

Kazi yako naiweza. Spoku ya baiskeli kubwa, zile za zamani, inazaliwa na ndoano upande mmoja na hesi, ile mizunguko ya kukazia nati, upande wa pili, na kinati chake inakuja nacho. Nikikata vizuri ndiyo mshipa huo. Usihangaike.

Sasa la pili, ambalo hukuniuliza. Gita hili halikuanguka. Kitu kikianguka, vyuma vilivyolala pamoja vinapinda upande mmoja, pale palipogonga. Hii yako kila mmoja umepinda kivyake. Miwili ina upinde mpana katikati, na upinde wa namna hiyo chuma hakiupati kwenye lami. Kinaupata kikipigwa juu ya kitu laini kilicho mviringo, mgongo kwa mfano. Na kwenye ndoano ya mmoja kumenasa uzi wa kitenge na nywele ndefu. Bodaboda haina nywele.

Mimi ni mtu mzima, sina muda wa kuzunguka. Nani anakuchapa kwa gita la baba yako?

Mwinjuma

*

Kilole
1 Machi 2024

Mzee Mwinjuma,

Shikamoo. Nilikuomba vyuma, sikukuomba unipigie ramli.

Nywele ni zangu. Niliinama kulifungua gita zikanasa. Mume wangu ni dereva wa trekta kwenye mashamba ya mkonge, mtu anayeheshimika, hanywi hata pombe. Watu wengi hapa Kilole wanatamani waume kama yeye.

Tengeneza mishipa, tafadhali. Na kama nimekukosea adabu unisamehe, kichwa kinaniuma siku hizi.

Raheli

*

Chanika
12 Machi 2024

Raheli,

Marahaba. Nimekusamehe kabla hujaomba. Mwezi wa Ramadhani umeingia, nafua chuma na koo limekauka, sina nguvu za kukasirika.

Mishipa hiyo hapo. Imekamilika yote isipokuwa mmoja. Ndoano unaitia kwenye mkono wa kanyagio, upande wa hesi unapita kwenye kile kidole cha chuma kinachovuta uzi, halafu unakaza kinati mpaka sauti ikae unapotaka wewe.

Kila mmoja nimeujaribu. Gita lako sitalisikia, lakini mshipa unaosema naujua. Unaushika kwa meno upande wa ndoano, unaugonga kwa ukucha. Chuma kigumu kinakusemesha mpaka ndani ya fuvu. Chuma laini kinanyamaza. Hivyo ndivyo ninavyosikia tangu masikio yangu yalipozibwa, na aliyeyaziba nitakwambia siku nyingine. Jaribu nawe, utaona raha yake.

Uliobaki ni ule wa kanyagio la mwisho. Ni mrefu, spoku haifiki. Nitauchonga kwenye waya wa springi ya kiti cha basi. Waya huo unataka mtu anayeujua. Ukiuchoma ukawa mwekundu ukautumbukiza kwenye maji, unakuwa mgumu, na ukiupasha kidogo tena baadaye hautakatika wala hautapinda. Ukiuchoma ukaufukia kwenye majivu upoe polepole, unakuwa laini kama ukindu, mtoto anaweza kuufunga fundo. Nipe siku chache.

Faudhia mke wangu anakusalimu. Nilimwonyesha zile nywele. Amezifunga kwenye leso yake.

Mwinjuma

*

Kilole
18 Machi 2024

Mzee wangu,

Shikamoo. Nilikudanganya na wewe ulijua, kwa hiyo tuache.

Simeo alianza kunipiga mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikuwa anapiga kwa mkono, nikazoea, Mungu anisamehe kusema hivyo. Baba alipofariki gita likaja kwangu, nikaanza kuitwa kwenye harusi na misiba, na hapo akabadilika. Anasema nikikanyaga makanyagio wanaume wananitazama miguu. Ile siku ya Februari aliligeuza gita tumbo juu akachomoa mishipa mmoja mmoja, mikono ikimtoka damu, akanichapa nao mpaka mmoja unapopinda, anautupa, anachomoa mwingine. Niliihesabu kwa sauti ambayo kila mmoja unaivuta. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kujua lini itakwisha.

Mishipa yako ilipofika niliificha kwa Salome. Juzi mchana nikaileta, nikajilaza chini ya gita kuifunga. Simeo alirudi mapema. Alinivuta kwa miguu kutoka mvunguni, uso ukaburuzika kwenye sakafu, akanikanyaga hapa kwenye mbavu na buti la kazini. Alikuwa anacheka. Akasema, "Funga, mke wangu, funga vizuri, nitapata vya kukuchapia."

Nakuomba ule mshipa wa mwisho uutengeneze hivi. Ncha ya upande wa hesi ipite kinati kwa urefu wa kidole, na uinoe iwe kali kama sindano ya kushonea magunia. Nitaifunika kwa kifuniko cha kalamu. Ndoano iwe pana, vidole vyangu vitatu viingie. Simeo anapekua kabati, godoro, pochi na unga. Chini ya gita haangalii mpaka awe na hasira, na akishakuwa na hasira mimi nitakuwa nimeshauchomoa.

Sitaki kufa, mzee. Ndilo ninalokuomba.

Raheli

*

Chanika
21 Machi 2024

Raheli mwanangu,

Hapana.

Nina binti, anaitwa Hajira. Mume wake aliitwa Muhsin. Nilikwenda kumchukua mwanangu baada ya kuona jicho lake, na Muhsin akanipiga rungu sikio hili, nilipoanguka akamalizia la pili. Niliamka nikiwa katika dunia isiyo na sauti. Hajira alibaki kule. Alikuwa na kisu cha jikoni nilichomfulia mwenyewe siku ya harusi yake, nikamwandikia na jina kwenye mpini. Miezi michache baadaye alimchoma nacho Muhsin shingoni wakiwa wanakula.

Sasa Hajira yuko gerezani na hatatoka mimi nikiwa hai. Namtembelea kila ninapoweza. Anazungumza, mimi natazama midomo. Siku ya kesi walikiinua kisu changu juu mbele ya watu wote, na nilikuwa nakitazama nikifikiri jinsi kilivyokaa vizuri kwenye mpini.

Usiniombe tena. Ondoka kwa huyo mtu. Nenda kwa mama yako Kwashemshi, kapande maharage. Gita la kukufanya uvuliwe ngozi si gita.

Mwinjuma

*

Kilole
24 Machi 2024

Mzee Mwinjuma,

Shikamoo. Pole kwa Hajira. Nimemlilia na sijawahi kumwona.

Lakini wewe umeniandikia habari za jela, na mimi nikuandikie habari za Kwashemshi. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza Simeo alinifuata na zawadi, ndugu zangu wakanirudisha wenyewe wakiimba. Mara ya pili alinifuata bila zawadi. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, alikuwa anasonga ugali. Simeo akamnyang'anya ule mwiko akampiga nao mdomoni, na ugali wa moto ukamganda shavuni. Alitema jino kwenye majani. Majirani waliona. Mwenyekiti wa kitongoji akasema ni mambo ya wakwe, tupatane. Shavu la mama mpaka leo lina baka.

Basi niambie niende wapi ambako hatafika.

Amesema Pasaka nikipiga mbele ya watu ndiyo mara ya mwisho. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakunywa chai. Mimi nitapiga, maana nisipopiga atapata sababu nyingine, na walau hii ni ya kwangu.

Usipotengeneza wewe, kuna fundi hapa mjini atanipa msumari wowote, na utanivunjikia mkononi. Ningependa kitu kilichotoka kwa mtu anayejua kazi.

Raheli

*

Chanika
28 Machi 2024

Raheli,

Huu hapa.

Ndoano ni pana kama ulivyotaka. Ncha ni kali, nimeifunika kwa kifuniko cha kalamu ya mjukuu wangu. Kinati usikikaze sana, mizunguko kidogo unachomoka. Kuvuta uzi unavuta vizuri kuliko ule wa zamani.

Nilikaa nao jana kutwa, sikuondoka pembeni yake mpaka ulipopoa. Huna haja ya kuujaribu, nimekwisha kuujaribu mimi.

Mungu akulinde usiuhitaji. Namwomba hilo kila nikifuturu, na Faudhia pia.

Mwinjuma

*

Kwashemshi
6 Aprili 2024

Mzee Mwinjuma,

Naandika mwenyewe. Mkono wa kuandikia umepona.

Pasaka nilipiga. Nataka ujue hilo kwanza. Nilikanyaga lile la mwisho kwenye wimbo wa ufufuo na sauti ikapanda mpaka akina mama wa mbele wakashika vichwa. Mshipa wako ulivuta vizuri, hukunidanganya hapo.

Jumatatu mchana Simeo alikuja nikiwa nalifuta gita vumbi. Alifunga mlango kwa komeo. Alinipiga ngumi ya kwanza kwenye sikio, nikaanguka karibu na miguu ya gita, na kwa kweli nilifurahi, maana ndipo nilipotaka kuangukia. Nikazungusha kinati, nikauchomoa. Vidole vitatu kwenye ndoano. Aliinama kunikamata nywele, nami nikamchoma hapa chini ya mbavu kwa nguvu zangu zote.

Uliingia kwenye shati. Ukagusa ngozi. Ukajikunja.

Simeo aliutazama. Aliushika akaunyoosha kwa vidole viwili, ukajikunja tena, akacheka sana, akasema, "Ndiyo huu?" Halafu akachukua kile chuma cha kutelezeshea, akauweka mkono wangu wa kushoto juu ya gita, juu ya nyuzi, akaupiga nacho. Kila akipiga nyuzi zinalia. Nilikuwa nasikia sauti za nyuzi kuliko za kwangu. Salome na majirani walivunja mlango, la sivyo angeendelea mpaka kichwani, alikuwa ameshasema.

Hospitali wamekata vidole viwili, vingine havikunjiki. Nilichukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, nikaeleza kila kitu. Simeo alilala kituoni usiku mmoja. Wazee wa ukoo wakaja wakasema yamalizwe nyumbani, na mimi nilikuwa nimeshika chuma chenye ncha, kwa hiyo ninyamaze nisije nikashtakiwa. Yuko nje. Ana alama ndogo tumboni kama ya kuumwa na mdudu.

Salome aliniletea ule mshipa. Niliulaza kitandani nikautazama siku nzima. Ile ya spoku Simeo aliikanyaga, na haikupinda. Huu, wa waya wa springi, mgumu kuliko yote, ulipinda kwenye ngozi ya mtu. Basi nikaushika kwa meno upande wa ndoano, kama ulivyonifundisha, nikaugonga kwa ukucha.

Haukusema kitu.

Uliufukia kwenye majivu. Ulikaa nao kutwa ukiulainisha, halafu ukaniandikia nisiujaribu. Ningejua ni ukindu nisingeutegemea. Ningeacha mlango wazi, ningekimbia Jumapili ile ile kutoka kanisani, ningelala kwa Salome. Nilibaki kwa sababu nilikuwa na chuma chako. Uliogopa nisiende alipo Hajira. Hukuogopa nisiende kaburini.

Gita limebaki Kilole. Simeo amesema siku nikilifuata atalichoma moto na mimi nikiwa juu yake.

Nilikuheshimu kama baba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono.

Raheli

*

Chanika
9 Aprili 2024

Raheli,

Ni kweli. Kwenye majivu.

Nilijiambia utashika kitu, utapata moyo, na ukikitumia hakitaua mtu, na wewe utalala kwako badala ya gerezani. Nilimfikiria Hajira, sikukufikiria wewe. Ulinitumia nywele zako kwenye gazeti na bado nilikuwa natengeneza kwa ajili ya mwanangu.

Sina la kujitetea na sikuombi msamaha, kwa sababu utanipa, na sitaki.

Nimekufulia pete mbili za chuma zilizounganishwa na mkanda. Zinavaliwa kiganjani, zinashika kile chuma cha kutelezeshea bila kidole hata kimoja. Nilifunga vidole vyangu kwa kitambaa nikajaribu juu ya waya wa kuanikia nguo. Inateleza. Zipo kwa Faudhia.

Gita nitalifuata mwenyewe baada ya Idi. Sabiri mwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, amekubali kunipeleka. Tutakwenda mchana, saa Simeo anakuwa shambani, na Salome atatuonyesha mlango. Sitafuti ugomvi. Nina mvi kichwa kizima.

Mwinjuma

*

Mahabusu
3 Mei 2024

Raheli,

Barua hii imesomwa na afande kabla yako, kwa hiyo nasema yale yale niliyosema kituoni.

Tulifika Kilole mchana. Salome alitufungulia. Sabiri alikwenda kugeuza gari, mimi nikabaki na gita. Lilikuwa palepale, damu yako imekauka kwenye nyuzi. Nilipiga magoti kulegeza miguu yake ili liingie garini.

Unajua sisikii. Salome anasema alipiga kelele nje mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa gita, na mguu ule uko juu ya sakafu ya saruji, nikahisi unatetemeka mkononi. Mtu mzito alikuwa anakuja nyuma yangu kwa haraka. Niligeuka, na ndiyo maana panga lilishuka begani badala ya shingoni. Mfupa ulikatika. Aliinua tena. Nilimwona mdomo, alikuwa anasema kitu kirefu, sikukipata.

Afande ananiuliza kwa nini nilikuwa na mshipa mkononi. Nimemwambia kanyagio la mwisho halikuwa na mshipa wake, nami ni fundi, niliuleta niufunge mahali pake. Ni kweli. Amenijibu, basi mbona una ncha. Hapo nimenyamaza, na nitanyamaza hivyo hivyo mbele ya hakimu.

Wewe nitakwambia, kwenye karatasi hii ya pili ambayo Faudhia anaitoa bila afande kuiona. Niliuchonga usiku wa kuamkia Idi, waya ule ule, kipimo kile kile. Niliuchoma mpaka ukawa mwekundu nikautumbukiza kwenye maji. Kabla ya kupanda gari niliushika kwa meno nikaugonga. Ulisema mpaka machozi yakanitoka.

Uliingia chini ya mbavu, pale ulipochoma wewe. Haukupinda.

Alichukua muda kufa, Raheli, na alinishika mkono wakati anakufa, sijui alidhani mimi ni nani. Sikuuondoa mkono wangu. Sabiri alipoingia alitukuta tumekaa hivyo, damu yake na yangu ziko pamoja sakafuni.

Gita lipo kwa Salome. Pete zako Faudhia atakuletea. Wewe piga.

Mwinjuma

*

Kwashemshi
16 Juni 2024

Baba Mwinjuma,

Shikamoo. Bega lako linaendeleaje? Faudhia anasema wamelifunga vibaya, nimemwomba mganga wa zahanati aandike upelekwe tena.

Mazishi ya Simeo sikuruhusiwa kusogea. Nilisimama barabarani. Nililia, na sitaki mtu aniulize kwa nini. Nililala naye kitanda kimoja miaka mingi. Nilimlilia, na usiku huo nikalala usingizi ambao sijawahi kulala tangu niolewe, yote mawili kwa siku moja.

Nitatoa ushahidi. Nitaeleza kuanzia mshipa wa kwanza aliouchomoa. Wazee wa ukoo wamekuja kuniambia ninyamaze, mama akawatoa kwa mwiko. Mwingine, mpya.

Pete zinakaa vizuri. Siku za kwanza ziliniumiza kiganja, sasa kimeota sugu. Nimepiga kanisani hapa juu mara mbili. Chuma kinateleza polepole kuliko zamani, na watu wanasema hivyo ndiyo vizuri. Kanyagio la mwisho halivuti. Mshipa wake uko polisi, wameuwekea kibandiko, ni kielelezo. Mguu wangu bado unakwenda pale kila wimbo ukifika mahali pake, nakanyaga, na uzi unabaki ulipo. Salome alitaka tukatafute fundi mwingine. Nimekataa.

Kuna jambo jingine. Nimekwenda kumwona Hajira, kwa sababu Faudhia magoti yanamsumbua na wewe huwezi tena. Anafanana nawe, hasa anavyokunja uso. Alinisubiri niketi, akaniuliza baba yuko wapi, mbona tangu Idi hajafika. Hakuna aliyemwambia. Ikabidi nimwambie mimi, yote, na majivu pia. Alisikiliza akiutazama mkono wangu.

Nilipomaliza hakulia. Aliniuliza swali moja tu. Aliuliza ule mshipa wa pili uliupoza kwa kitu gani.

Nikamwambia, kwa maji.

Akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akasema, "Hata kisu changu alikipoza kwa maji. Mimi alinitengenezea kizuri mara ya kwanza."

Alikuwa anajivunia, baba. Nimeona nikuandikie.

Binti yako,
Raheli